Sahani za Bibi Zilizokwenda Mkiwa

Jumatano, 10 Desemba

Magauni ya kwaya. Kila mwaka wanaleta vitambaa Desemba, kila mwaka naapa sitapokea, kila mwaka napokea. Mvua imenyesha alfajiri, Kinampanda nzima iko mashambani inapanda alizeti. Mimi niko barazani na cherehani, nashona zipu za wanawake waliodanganya vipimo vya viuno vyao.

Mchana Shangazi Eliwaza amepiga simu kutoka Singida mjini. Anakuja Krismasi na gari la mwanawe, na akiondoka anaondoka na vyombo vya marehemu Bibi. Eti vyombo ni vya ukoo, Mama ni mtu wa kuja tu. Mama kaolewa humu kabla mimi sijazaliwa, na bado ni mtu wa kuja! Nimekasirika hadi nikashona mkono wa kulia upande wa kushoto.

Ijumaa, 12 Desemba

Niliandike jambo hili, maana nikilisema kwa mdomo nalia.

Babu aliuza dume la ng'ombe, akaenda dukani Singida mjini, akarudi na seti nzima kwenye karia ya baiskeli, imefungwa kwa nyasi. Sahani, vikombe na visahani vyake, bakuli la mchuzi, birika. Maua ya buluu, ukingo wa dhahabu. Akampa Bibi. Tangu hapo vinakaa kabatini, vinatoka Krismasi tu. Mezani wanakaa mchungaji, wazee na wanaume wa nyumba. Wanawake wanapika, wanapakua, halafu wanakula jikoni kwenye sinia la bati.

Mama ameviosha vyombo hivyo kila Krismasi tangu aolewe. Anajua kila ua lilipo. Hajawahi kula juu yake hata tonge moja.

Nimeamua. Krismasi hii Mama atakaa mezani, kiti cha mbele, na atakula kwenye sahani ya Bibi watu wakiona. Baada ya hapo Shangazi afanye anavyotaka. Nimemwambia Mama. Amecheka, akasema nimerithi wazimu wa marehemu baba yangu. Nimeshaanza kukata kitambaa cha meza. Cheupe, lesi ya buluu.

Jumapili, 14 Desemba

Kaka yangu Yona ametoa shukrani kanisani, mkewe kajifungua salama. Gunia zima la uwele! Alilipakia kwenye mkokoteni asubuhi kutoka ghala la Mama. Mama hakuwepo, alikuwa kwa Yona anamkanda mzazi.

Baada ya ibada mnada nje, kama kawaida. Mayai, maboga, jogoo mmoja mwenye hasira, gunia la Yona. Gunia likachukuliwa na mama mmoja wa Kiislamu, mgeni, amekuja kumwona dada yake. Mnada wetu hauulizi dini, unauliza nani anaongeza. Makofi mengi. Yona alijivuna hadi kola ikambana.

Jumanne, 16 Desemba

Siku mbaya.

Nimefungua kabati nipime sahani zitakavyokaa mezani. Tupu. Nikadhani Shangazi katuma mwizi. Nikamwita Mama kwa kelele. Mama alipoona mlango wa kabati uko wazi, akakaa chini sakafuni.

Yeye ndiye aliyevitoa. Baada ya ile simu alingoja niende Kiomboi kununua uzi, akafunga kila chombo kwa vipande vya khanga kuukuu, akavizika katikati ya gunia la uwele. Kwetu kila mwanamke ana kitu ndani ya nafaka. Mwizi hana muda wa kuchekecha uwele. Hakumwambia mtu yeyote ili Shangazi akiuliza, sote tuseme hatujui.

Nikauliza gunia lipi. Lile la karibu na mlango, ambalo Yona alilipakia Jumapili.

Mama hajala. Anasema labda Mungu ameamua kuvichukua. Nimemwambia Mungu hana haja na visahani.

Jumatano, 17 Desemba

Yona amelia. Mwanaume mwenye ndevu. Anasema aliona gunia limekaa vibaya mkokotenini, akadhani ni kamba.

Mzee wa kanisa anayeendesha mnada anamkumbuka yule mama. Anaitwa Mama Zaituni, mama lishe wa Mkiwa, njia panda. Aliondoka na gunia lake Jumapili ile ile. Namba yake hana, na dada mtu amekwenda kulima mbali, simu yake haipatikani. Kesho naenda mwenyewe. Kwaya wasubiri.

Mama ameuliza kama vitakuwa vimevunjika. Nimesema hapana. Sijui kabisa.

Alhamisi, 18 Desemba

Bodaboda, basi hadi Singida mjini, basi jingine. Njia nzima nimewaza vigae.

Mkiwa jua linawaka, malori yamepangana. Nikaonyeshwa kibanda cha turubai. Sijafika mlangoni, nikaona.

Dereva wa lori, fulana imelowa jasho, anakunywa chai kwenye kikombe cha Bibi. Mwenzake anakula wali maharage juu ya sahani ya ukingo wa dhahabu, anacheka na simu. Birika liko mezani kati ya chupa ya pilipili na vijiti vya meno.

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikamwangalia yule dereva vizuri, nikaona si yeye ninayemkasirikia. Katoka sijui wapi na mzigo wa saruji, hata jina la Bibi halijui, na amekula. Mama bado. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwamkia Mama Zaituni, nikajieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. Alipomimina uwele akaviona, akajua kuna mtu mahali analia. Kampigia dada yake siku zote hizi bila kumpata.

"Sasa nivifungie ya nini, mwanangu?" akasema. "Nikavitumia kwa adabu, namsubiri mwenyewe."

Hakuna kilichovunjika. Hata kimoja! Madereva walimaliza kula, wakanisaidia kufunga. Nikataka kumlipa, akakataa, karibu agombane nami. Nikamkaribisha Krismasi kwa niaba ya Mama. Nilidhani atasema tutaona. Akauliza asubuhi kuna basi la saa ngapi.

Nimerudi nimepakata boksi njia nzima. Mama amefungua kimoja kimoja sakafuni, anaimba. Yona amekuja, akaona, akalia tena.

Jumapili, 21 Desemba

Magauni yamekwisha. Moja linabana, na aliyelivaa anajua kwa nini.

Mama ameanza kuyumba. Eti tusimuudhi wifi yake, atakula jikoni kama siku zote, kwani jikoni kuna ubaya gani. Tumenuniana.

Jumatano, 24 Desemba

Shangazi amefika na maboksi matupu na magazeti ya kufungia. Amehesabu vikombe kabla hajanywa maji. Nikamwambia kesho Mama atakaa mezani. Akaacha Kiswahili, akahamia Kinyiramba, hapo nikajua vita imeanza. Kwa kifupi: vyombo vya wageni ni vya wageni. Bibi hakuwaruhusu watu wa jikoni, na yeye hataruhusu maadamu yuko hai.

Mama akasema, "Sawa, wifi."

Nimelichukia hilo "sawa" kuliko maneno yote ya Shangazi.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi

Tumeshinda. Tumeshinda!

Kuku walichinjwa na Mzee Juma jirani, kama kila mwaka, ili kila anayekuja ale. Pilau, kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda. Meza nimeipanga mimi. Kitambaa hakina hata kunyanzi moja. Sahani zimekaa kwa mstari, maua yote yanatazama upande mmoja, birika katikati. Mchungaji alipoingia alisimama kwanza, akaangalia.

Mama Zaituni kafika na bodaboda, baibui mpya, chupa ya asali mkononi. Shangazi akampokea kwa heshima zote, mgeni ni mgeni. Akamkalisha kiti cha pili kutoka mbele. Cha mbele akakiacha kwa Yona. Akampakulia yeye mwenyewe. Watu wakasubiri mgeni aanze.

Mgeni hakugusa.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

Yona akasema yupo hapa.

"Siyo wewe, baba. Aliyenialika."

Shangazi akamwambia ale tu, watu wa jikoni watakula baadaye. Mama Zaituni akaweka kiganja juu ya sahani yake. Mgeni amekataa kula nyumbani kwetu! Hiyo ni aibu ya ukoo mzima, na hakuna anayelijua hilo kuliko Shangazi. Mchungaji akaweka kijiko chini. Wazee nao. Pilau ikaanza kupoa.

Nikaenda jikoni. Mama ana sinia la bati mapajani, amesikia kila kitu. Nikadhani atakataa. Akaweka sinia chini, akajifunga khanga safi, akanitangulia.

Yona akainuka kiti cha mbele bila kuambiwa. Mama akakaa. Firigisi ilikuwa kwenye sahani ya Yona, maana ndiye mwanaume wa nyumba. Akaichukua akamwekea Mama, mbele ya wazee. Mama Zaituni akasema bismillahi, wakaanza pamoja.

Mama alikula. Polepole, mgongo umenyooka. Nilitaka kupiga vigelegele, nikapiga. Jikoni wakaitikia.

Shangazi alikuwa bado amesimama mlangoni. Mama akainua uso. "Wifi, hata wewe hujawahi."

Mimi sikuwahi kulifikiria hilo. Shangazi ni binti wa nyumba hii. Alikulia jikoni ile ile, akabeba sahani hizi mezani akiwa mdogo, akarudi kula ukoko na wenzake. Uso wake ukabadilika kabisa. Mama akamvutia kiti, akampakulia. Shangazi alikula huku machozi yanamtoka, analaumu pilipili. Pilau haina pilipili.

Sahani hazikutosha wanawake wote, tukala kwa zamu. Mimi nilipata ya mwisho. Wali ulikuwa wa baridi, sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Ijumaa, 26 Desemba

Shangazi ameondoka asubuhi. Mama kampa kikombe kimoja na kisahani chake, kwa mkono wake mwenyewe. Vingine vipo.

Manyunyu. Nimemkuta Mama barazani peke yake. Hakuna mgeni, hakuna mchungaji. Anakunywa uji kwenye kikombe cha Bibi. Akaniambia mwingine uko kwenye sufuria, nichukue kikombe. Nikachukua, nikakaa pembeni yake. Alipomaliza alikisuuza, akakiacha uchanjani na vyombo vya kila siku, akaenda shambani.