Chipsi za Konsolata

Akaninyang'anya upawa, akacheka: "Mama Zubeda, hizo unazichemsha, hukaangi!" Ndiye Konsolata huyo, mkimbizi wa Burundi, niliyekaanga naye chipsi sokoni Mwanga. Marahaba mjukuu wangu Zaina. Huku Ujiji wazima, shangazi yako Zubeda kajifungua dume, zito hilo! Basi, kuandika sijui, nakujibu kwa sauti: umeuliza chipsi zangu zinakaukaje. Ukishakata viazi, vioshe mpaka maji yaache kuwa meupe, uvifute na kitambaa. Vikaange moto mdogo vilainike tu, vitoe, vipoe. Halafu chochea moto, virudishe. Hiyo siri si yangu, ni yake.

Wateja wakawa wanamwita yeye, mimi wananipita. Siku moja wakaja mgambo kukusanya wakimbizi waliotoka kambini bila kibali. Mmoja akaniuliza, "Dada, huyu ndugu yako?" Konsolata akaniangalia. Kiha chetu na Kirundi chao vinaelewana, mwanangu. Ningesema ni mdogo wangu wa Kasulu, nani angebisha? Nikainamia karai. Nikasema, "Simjui."

Wakampandisha gari na kanga yake ya kukaangia kiunoni.

Babu yako alidhani niliogopa mgambo. Sikuogopa, Zaina. Nilitaka wateja. Na siku ile ile niliwauzia, kwa karai lake. Sasa wewe unaniandikia "chipsi za bibi hazina mpinzani," uso ukaniwaka mbele ya huyu anayenisomea ujumbe wako. Ukiwakaangia wenzio, waambie ni za Konsolata. Yeye sikumwona tena, ningemwomba radh— Naam! Naitwa mlangoni. Nakuja, jirani, navaa viatu!