Hata Mwanamume Ana Titi

Mtaa wa Hamamu ya Chini,
Sefrou.
26 Septemba 2011

Mpendwa shemeji Haddou,

Salamu nyingi zikufikie huko Charleroi kwenye baridi yenu. U hali gani? Mkeo Tlaitmas je, magoti yamepoa? Watoto hawajambo? Sisi huku tunamshukuru Mungu, mizeituni imezaa, na dada yako Rqia, mke wangu, anakusalimu kila akimenya kitu jikoni.

Nisamehe, salamu zangu leo ni fupi. Mdogo wako Mimoun ni mgonjwa, na mimi nimeishiwa na maarifa. Sikukupigia simu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hutaniana tu, na hili siliwezi kwa utani.

Kazi yangu unaijua. Miaka thelathini na moja nasugua wanaume hamamuni, vifua vyao navijua kuliko mama zao. Wako wenye chuchu kubwa, wenye ndogo kama dengu, wenye moja juu na moja chini, wenye zenye nywele, wenye zilizozama ndani tangu kuzaliwa. Muuza mkaa wetu anazo tatu na anajisifia. Wote hao ni wazima. Basi mwezi wa Shaabani Mimoun alilala mbele yangu, nikaona chuchu ya kushoto imeingia ndani na ina gamba. Nilijua haikuwa hivyo, maana namsugua tangu hajaoa. Nikadhani ni ngozi kavu. Nikapaka sabuni nyeusi, nikavaa glavu ile kali, nikasugua. Damu ikatoka. Mwenyewe akacheka: "We Bouazza, uchafu umekwisha sasa unang'oa nyama?" Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Tangu siku hiyo anaoga nyumbani kwa ndoo. Mkewe Itto ndiye aliyemnong'oneza Rqia kwamba fulana zake zina doa la damu upande wa kushoto, na kwamba anazifua mwenyewe kwa siri. Mimoun, ambaye hajawahi kuosha hata bilauri ya chai! Niliposikia hivyo nilimshika mkono nikampeleka zahanati.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Alimbonyeza, akakuta kivimbe kigumu chini ya chuchu, kisichouma, na kingine kwapani. Akatueleza kwamba chuchu kutofautiana si ugonjwa, watu hawakufinyangwa kwa kalibu moja. Lakini iliyobadilika mtu akiwa mkubwa, ikavutika ndani, ikatoa damu, ikawa na kidonda kisichopona, au pakawa na kivimbe hata kama hakiumi, hiyo si ya kungojea. Akaandika karatasi ya kwenda hospitali ya Fes, Alhamisi tarehe 20 Oktoba, wakate kipande kidogo cha nyama wakipime.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoharibu mambo. Tulipotoka nje Mimoun akaisoma: "Kliniki ya matiti." Akasimama pale pale barabarani. "Mimi nina kifua, Bouazza. Matiti kayatafute kwako."

Nikamwambia hata mwanamume ana titi, ni dogo tu.

"Basi nyonyesha wewe!" Akaichana mbele za watu, akaenda zake. Vipande niliviokota mimi, nikaviunga kwa gundi, ninavyo.

Nimemsihi. Nimemtukana. Nimembusu kichwa. Rqia amelia mpaka sauti imekauka. Jibu lake ni kwamba ana jellaba arobaini za kushona kabla ya Idi Kubwa, na kwamba hataketi benchi moja na wake za watu wakimwangalia. Fundi anayepima vifua vya mji mzima kwa utepe, cha kwake hataki kiguswe! Sasa amekonda, mkono wa kushoto haupandishi vizuri. Maji yamenifika shingoni, shemeji.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Daktari alipouliza nani katika ukoo aliwahi kuugua, Mimoun alijibu kwamba baba yenu alikufa kwa kifua, na daktari akaandika mapafu. Sote husema hivyo, alikufa kwa kifua. Lakini aliyemwosha Mzee Hammou ni marehemu baba yangu, nami ndiye niliyekuwa namwaga maji. Upande wa kushoto chuchu haikuwepo. Palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja. Baba akaniapisha, kwa sababu aliyoyaona mwosha maiti hayatoki nje. Nimenyamaza miaka ishirini na miwili, nikijiona mcha Mungu.

Wiki iliyopita nilirudi peke yangu zahanati nikayasema yote. Yule binti akaweka kalamu chini. "Ameacha watoto wangapi?" Nikamjibu wanaume wawili na mwanamke mmoja. Akasema wapimwe wote. Rqia nimemwambia jana, na tarehe 20 nampeleka Fes, Mimoun aje asije.

Msalimie sana Tlaitmas, na mwanao Idir, na shangazi Yamna ukimwona. Mungu awafunike kwa rehema yake, awalinde na kila mlichokificha na mlichofichwa.

Sasa nakuomba kitu. Mimoun husikia la mtu mmoja tu, nawe ndiye. Ila kabla hujampigia, funga mlango, vua shati, simama mbele ya kioo. Pitisha vidole chini ya chuchu zote mbili, kisha kwapani. Uone kitu usione, mwendee daktari wa huko ukamweleze habari ya baba yenu. Halafu ndipo umpigie. Na ukimpigia, nakusihi, usimwambie "Nenda." Mwambie "Twende."

Mimi wako nikupendaye na ninayekuogopea,
Shemeji yako,
Bouazza