Namba Saba Iliyoenda kwa Mchungaji

Savai'i, Jumamosi

Kwa kaka yangu mpendwa Ioselani,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na shemeji hamjambo huko Auckland, na kifua hakikusumbui tena. Sisi wazima, na nina habari ya furaha: tumelipata gimbi, kaka! Haliuawi na ugonjwa wa majani, na utamu wake ni ule ule wa magimbi ya mama!

Ulipoondoka, wanawake watano tulikubali kupanda aina kumi na mbili za Daktari Tulimanu, yule mtaalamu wa mbegu. Kazi yake kupima uzito, yetu kutunza, kutazama na kusema ipi inafaa. Namba saba ilituteka mapema.

Jumatano alikuja na mizani. Kwangu, kitalu namba saba kitupu. Nikasema nguruwe wameyala. Kwa jirani yetu Fiapaipai, kitupu. Naye akasema nguruwe. Nyumba zote tano, nguruwe! Jana kikaoni Daktari akatuambia kwa huzuni kwamba aina isiyo na uzito haiwezi kuendelea, akashika kalamu aifute. Nikaona tutakula mchele wa dukani maisha yetu yote. Nikasimama, nikakiri kwamba nguruwe hawakuwamo. Magimbi niliyachimba mwenyewe Jumapili nikampelekea mchungaji wetu wa kanisa.

Fiapaipai akaropoka, "Kumbe na wewe! Mimi nilidhani mwizi ni mimi peke yangu!" Wale watatu wakainamisha vichwa. Daktari akauliza kwa nini wote tulichagua namba saba. Fiapaipai akamjibu, "We binti, mchungaji hupelekewa gimbi bovu?" Daktari alicheka mpaka akakalia kikapu. Kisha akachora safu mpya kwenye daftari lake, akaandika: "Lililopelekwa kwa mchungaji." Namba saba imepita! Machipukizi tuliyokuwa tumeyaficha nyuma ya majiko yatagawiwa kijiji kizima.

Sasa keti kwanza, kaka. Nguruwe hana budi kuwa na mwenyewe, na anayezurura hapa kijijini ni mmoja tu, yule jike uliyeniachia nikutunzie. Wazee walimhukumu Jumatano jioni, Alhamisi akachomwa. Mimi nilikiri Ijumaa. Niliogopa, nikanyamaza, na kosa ni langu peke yangu. Nilikula kipande, nikalia, nikaongeza kingine. Nisamehe.

Nisalimie shemeji na watoto. Mchungaji naye anakusalimu sana. Paja lilikwenda kwake.

Ni mimi dada yako,
Sinapati