Waya wa Gemu ya Khalfani

Kaloleni, Arusha
Machi 1997

Mwanangu Hafidha,

Salamu nyingi mpaka huko Maskati. Sisi wazima, na mama yako bado anakoroma na kuapa kwamba ni mimi.

Gemu uliyomtumia Khalfani imefika, ila waya wa kuiunga na televisheni haumo. Fundi wa mjini alicheka, akasema huku haupatikani. Basi mimi wa darasa la nne nikakata waya wa redio yangu, nikaulehemu kwa msumari wa moto wa jikoni. Niliungua vidole, nikatukana matusi ambayo mama yako hakujua ninayajua. Lakini picha ikatokea, vigari vinafukuzana.

Watoto wa jirani walishangilia. Mwanao hakuigusa, alikaa mkekani akitazama tu.

"Unangoja nini, mzee mwenzangu?"

"Mama atokee, Babu."

Ndipo nilipoelewa. Kwa akina Sophia hapo jirani, dada yao aliyeko huko huko Maskati hutuma kanda za video, anawasalimu mmoja mmoja kwa majina. Mtoto alidhani na yake ni hivyo.

Nikamdanganya kwamba waya wangu ni mbovu, ndiyo maana hujatokea. Sasa kila akitoka madrasa ananiokotea vipande vya waya nitengeneze mwingine. Jana aliniuliza sura yako ikoje, ili ukitokea akutambue.

Mwombe tajiri wako ruhusa uje, mwanangu. Uongo wangu huu haufiki Idi.

Ni mimi baba yako, fundi wa kubahatisha,
Uwesu