Sare Nne

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Viza imetoka! Mansuri kapiga simu toka Ujerumani, furaha mpaka sauti inakatika. Dada utapanda ndege, dada tutakupeleka matembezi kwa treni. Mdogo wangu huyu nilimlea mimi tangu mama alipofariki, yeye na ndugu yetu Hajira, kwa kuuza vitunguu hapa hapa sokoni Singida.

Nimefurahi. Nimefurahi pia kwa sababu nyingine. Johari, mke wake, sijaonana naye tangu harusi ya Hajira, miaka mitatu sasa. Sijasahau! Sare ilikuwa kazi yake — kitenge cha zambarau, ndugu wote. Cha kwangu hakikuwepo. Wifi, kitambaa hakikutosha, samahani. Basi. Nikavaa gauni langu la kijani. Ile picha kubwa iko ukutani kwa Hajira mpaka leo, na juzi tu mgeni kauliza, huyu wa kijani ndiye aliyewapikia? Aliyewapikia! Mimi niliyembeba bibi harusi mgongoni!

Alhamisi, 19 Septemba 2024

Leo kwa fundi Urbano. Kitenge cha njano, maua mekundu, kinapiga kelele chenyewe. Nimempa vipimo: mimi, Mansuri, na rafiki zao wawili wa huko Ujerumani tutakaotembea nao — Catherine, nesi, mtu wa kwetu Ulemo, na mumewe Leonidas. Nikamwambia shona sare nne.

Kauliza, na wifi yako? Kitambaa hakitoshi, nikasema. Urbano kaangalia kipande kilichobaki mezani, mita mbili nzima, kanyamaza. Fundi mzuri anajua wakati wa kunyamaza. Hicho kilichobaki akishone mfuko wa kubebea vitu. Zawadi ya Johari! Wenzake wavae, yeye abebee viazi. Nimecheka njia nzima.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Nilifika jana. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Johari alinipokea uwanja wa ndege, shikamoo wifi, na goti kalikunja kabisa mbele ya Wazungu na masanduku yao. Anaigiza huyu. Sijalainika.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Sare nimezigawa. Mansuri kaivaa shati lake pale pale, kajigeuza mbele ya kioo. Catherine na Leonidas walikuja kuchukua zao, vigelegele. Kisha nikampa Johari mfuko wake, nikamkazia macho. Nilikuwa nangoja uso ubadilike.

Kaushika. Kaugeuza huku na huku. Asante wifi, mzuri, kesho nitabebea chakula. Basi! Hata kope haikucheza. Mansuri ndiye aliyenitazama, halafu akatazama sahani yake.

Haidhuru. Kesho kuna picha. Kwenye picha hakuna pa kujificha.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Naandika humu humu kwenye treni. Haitikisi! Watano tumekaa kwa raha zetu, mayai ya kuchemsha, maandazi, kuku. Leonidas anasema kuku wa huku wamekuzwa wamelala, Singida wasingepewa hata pa kukaa. Tumecheka. Nje alizeti zimekauka, zimeinama, zinangoja kuvunwa kama kwetu Sepuka mwezi wa tano. Kama moyo wangu ungekuwa mweupe, hii ingekuwa siku nzuri kuliko zote.

Picha. Nikasema jamani tupige wote, Johari akae katikati. Yeye: hapana wifi, mmependeza mno, nitawapiga mimi. Kapiga kumi na nne. Zote sisi wanne, sare tupu, wala huoni kama kuna aliyeachwa. Familia safi! Nilitamani kuipasua ile simu.

*Baadaye.* Niandike upesi.

Wanaume walisinzia. Johari akasogea kwangu, akasema kwa sauti ya chini. Wifi, mfuko nimeuelewa. Kitambaa chako siku ile kilikuwepo. Mama yangu alikuja hana sare, nikaogopa kumwaibisha mbele za watu, nikampa cha kwako. Nikakuaibisha wewe. Nilikosea, wifi. Nisamehe.

Miaka mitatu nangoja maneno hayo! Na nilichojibu ni hiki: nasikia baridi.

Akainuka. Treni ilikuwa imesimama kituo kidogo, jina siwezi kulitamka, tunapisha nyingine. Nakuletea chai ya moto, akasema. Kashuka na sarafu mkononi. Mfuko kauacha kitini, simu na tiketi yetu sote humo ndani.

Nikaenda kusimama mlangoni. Kwa nini nilienda, sijui. Najua.

Milango ilishajifunga yenyewe, kuzuia baridi. Nikamwona anatoka kwenye kibanda cha chai, vikombe viwili, anatembea taratibu chai isimwagike. Kengele ikalia. Akakimbia. Pale mlangoni kuna kitufe, Mansuri alinifundisha asubuhi: kikiwaka kijani, bonyeza, mlango unafunguka. Kilikuwa kinawaka. Akafika. Kioo tu kati yetu. Mikono imejaa, hawezi kubonyeza cha nje. Akaniangalia, akatabasamu — alidhani namfungulia.

Koti lake la bluu, peke yake, watu hawamjui. Nikasema moyoni: sasa ndiyo picha.

Taa ya kijani ikazima. Tukaondoka. Vikombe bado kavishika vyote viwili.

Nimerudi kitini. Mansuri kaamka, kauliza Johari yuko wapi, nikasema labda chooni. Kaenda kumtafuta. Mfuko wa njano uko mapajani kwangu. Nilidhani nitasikia utamu. Nasikia baridi kweli sasa.

Catherine hakusinzia. Alikaa upande unaotazama mlango. Tangu nishike kalamu hii ananiangalia, na sasa hivi kasema, polepole, kwa heshima zote: dada Zabibu, kile kitufe kilikuwa kijani.

Mansuri anarudi mbio, anashika viti, anaita jina la mkewe. Catherine kakunja mikono juu ya sare niliyompa. Anangoja niseme mwenyewe.