Mluzi wa Ambrosi Bondeni

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Newala, Jimbo la Kusini, Tanganyika
Tarehe 16 Septemba 1953, saa tatu asubuhi
Mwandishi: Koplo Dastani

Jina: Alfani bin Abdulkadiri
Umri: kama miaka arobaini na minane
Kazi: mkulima wa mihogo na mikorosho
Makazi: Mnyambe

Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia kwamba Ambrosi wa Chiwata amewekwa ndani, inasemwa ni mchawi anayefuga simba, na kwamba ndiye aliyemtuma simba amrarue Emilia. Emilia ni mtoto wa dada yangu tumbo moja. Mimi ndiye mjomba wake. Siku ile nilikuwapo, tena nilikuwa karibu kuliko wote.

Mnamo tarehe 8 Septemba tuliteremka bondeni upande wa Ruvuma kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini, maana mihogo yetu mwaka huu imemalizwa na nguruwe na nyumbani hakukuwa na cha kuweka chunguni. Tulikuwa wanne: mimi, Emilia, mumewe Danieli, na Ambrosi. Ambrosi si ndugu yetu. Tulimwomba atusindikize kwa sababu ni mwindaji na ana mbwa, na bonde lile lina simba. Alikuja na mbwa wawili. Mkubwa jina lake Hayakuhusu. Koplo ameniuliza mara mbili; ndilo jina lake, amepewa kwa ajili ya majirani wanaopenda kuchungulia mambo ya watu.

Tulipiga kambi kwenye uwazi, tukazungusha boma la miiba, tukaacha mlango mmoja wa kuzibwa na tawi. Ambrosi aliwafunga mbwa ndani, karibu na moto, kwa kamba ya gome. Danieli alimcheka. Alisema, "Mbwa wa kulinda unamfunga kama mbuzi wa sadaka?" Ambrosi akamjibu, "Akifungwa hapa, atanusa na kutuambia simba yuko upande gani. Ukimwachia atakwenda kumtafuta, akimwona ataogopa, na akiogopa atakimbilia kwetu. Simba atakuja nyuma yake." Kisha akanigeukia mimi kwa kuwa ndimi mkubwa wao. Akasema, "Baba Fatu, nakuomba, mbwa wasitoke." Nikamwambia nimesikia.

Tarehe 10 Septemba tulirudi kutoka kuchimba kama saa kumi na nusu jioni. Ambrosi alikwenda kukata miiba ya kuongezea boma, hakuwa mbali. Danieli alikuwa nje akikusanya kuni. Emilia aliinamia chungu. Mimi nilikuwa sijaswali alasiri. Nilifagia mahali, nikatandika mkeka, nikaweka kopo langu la maji ya udhu. Maji bondeni kule tulikuwa tunayafuata mwendo wa saa nzima. Nilipogeuka kukunja mikono ya kanzu, Hayakuhusu alikuwa ameingiza pua ndani ya kopo, anakunywa.

Nilikasirika sana. Kopo lililorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mimi sikuwa na maji hata ya kuliosha mara moja. Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikafungua kamba, nikamtoa mlangoni na kumpiga teke. Dini haikuniambia nimfungue, wala haikuniambia nimpige. Ningeweza kumsogeza hatua tatu tu. Ile ilikuwa hasira yangu mwenyewe. Emilia alikuwa amenipa mgongo, hakuona.

Nikatayamamu kwa mchanga, nikaanza kuswali. Nilikuwa nimekaa, karibu kutoa salamu, niliposikia mbwa analia kule majanini, kisha miguu inakuja mbio. Mbwa aliingia kwanza. Tawi la mlango sikuwa nimelirudisha. Nyuma yake akaingia simba.

Koplo, naomba uandike kama ninavyosema. Mimi nimezaliwa uwandani, ngurumo za simba nimezisikia tangu utoto, na ng'ombe aliyeliwa nimemwona. Nilidhani namjua. Simjui. Alikuwa dume, na boma lote likawa dogo. Alipita kwangu karibu hata mguu wake mmoja ukaukanyaga mkeka, na mkeka ukasogea nami nikiwa juu yake. Sikusikia kishindo. Mwili mkubwa kiasi kile, na haukutoa kishindo. Niliona misuli ya bega ikipanda na kushuka chini ya ngozi, na nzi wawili wametulia pale kama wako kwao. Hakunitazama hata kidogo. Niliogopa, lakini ndani ya woga ule kulikuwa na kitu kingine, nikataka kusema Subhanallah, na ulimi haukunyanyuka.

Hayakuhusu alijisokomeza chini ya kanga ya Emilia, nyuma ya chungu; yule mbwa mdogo alibaki kwenye kamba yake, amejibana miibani. Simba alipiga mkono mmoja kumtafuta mbwa, na kucha zikashuka kwenye bega la Emilia. Akaanguka. Simba akasimama juu yake. Danieli alikuwa ameshapanda mti nje ya boma; sijui alipandaje, maana mti ule hauna tawi la chini.

Hapo Ambrosi akatokea mlangoni. Mkononi hakuwa na kitu. Alipiga mluzi, mara mbili, mfupi. Nilimwona Hayakuhusu akitoa kichwa chini ya kanga. Alikuwa amejikojolea kwa woga. Angeweza kubaki. Alitoka, akapita chini ya tumbo la simba, akaenda kwa bwana wake. Simba akageuka akamfuata. Ambrosi akasogea pembeni, akanyoosha mkono kuelekea majanini, na mbwa akaenda kule alikoelekezwa. Simba alimpita Ambrosi bila kumgusa. Tulimsikia mbwa mara moja tu.

Danieli, aliyemshitaki Ambrosi, hasemi uongo. Kutoka juu ya mti, chungu na moshi vilimficha mbwa. Alichoona ni mtu amepiga mluzi, na simba amemwacha mke wake na kumtii. Mimi niliyekuwa chini nasema mluzi ule haukuwa wa simba. Ambrosi alimwita mbwa wake aende kufa, na mbwa akaitika. Hilo linanishangaza kuliko simba.

Ambrosi alivua shati akamfunga Emilia bega. Kisha akaokota ile kamba. Nikamwambia, "Ameikata kwa meno." Aliitazama ncha ya kamba, ilikuwa nzima. Akanitazama mimi. Akasema, "Sawa, Baba Fatu," akaikunja akaitia mkobani. Tukambeba Emilia kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Njia nzima hakulitaja jambo lile. Siku sita zimepita na nasikia hapa pia hajalitaja. Naona aibu ambayo sijapata kuiona tangu kuzaliwa. Simba hakutumwa na mtu. Aliletwa na mkono wangu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyakubali, na dole gumba nimeliweka mwenyewe mbele ya Koplo.

(Alama ya dole gumba) Alfani bin Abdulkadiri

Maandishi ya Koplo: Shahidi hakulazimishwa wala kuahidiwa kitu. Alikataa kiti, alisimama muda wote. Baada yake nilimtoa mtuhumiwa Ambrosi nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba mbwa alifunguliwa. Alijibu: "Mkono wa Emilia hautashika jembe tena, daktari amesema. Danieli akijua, ukoo wake utamkataa mjomba. Sasa mjomba akikataliwa, nani atamsaidia Danieli kumlimia mkewe?" Faili nimelipeleka kwa Bwana DC leo hii, na nimeomba Ambrosi aachiwe.