Ordinatere ya Ukumbusho

Jumatano, nyumbani kwa dada yangu

Sikukasirika. Hilo ndilo linalonishangaza.

Leo asubuhi maji ya ziwa yaliingia nyumbani. Mume wangu Amisi akatoka na ordinatere yake kichwani, kompyuta ya zamani, ile ya ukumbusho, zilizotengenezwa chache tu kampuni iliyoziunda ilipofanya sikukuu ya kuzaliwa kwake. Aliinunua Kigoma kwa bei ya kiwanja. Haijawaka tangu Zaina wetu alipokuwa mutoto mudogo. Cherehani yangu, inayotulisha, ilibaki ndani ya maji.

Jioni aliipangusa juu ya meza ya dada, hata ile ngozi ya pale pa kuwekea mikono.

"Mama Zaina, angalia. Kioo na mashine, vyote katika umbo moja jembamba. Kompyuta za leo zote zimeiga hii."

"Njo vile," nikamujibu. Ni kweli, hata zile za banki zinafanana nayo.

Akaacha kupangusa. "Cherehani niliiona. Nikachagua hii."

Nilingoja machozi, hayakuja. Nikaomba sindano na uzi, nikaanza kushona kwa mukono gauni ya muteja niliyoiokoa. Amisi akaja kushika upande wa pili wa kitambaa. Nikamuacha ashike.